Mbatata na Nguruwe Katika Meza ya Mjerumani

Katika nchi ya Thüringen, iliyo kitovuni mwa Ujerumani, wazee walikuwa hawaihesabu Jumapili kuwa Jumapili mpaka mezani pawepo vitu viwili: nyama ya kuokwa na matonge ya viazi. Nyama hiyo aghalabu huwa ya nguruwe, na siku ikiwa ni ya wageni au ya sikukuu hufanywa kwa namna waiitayo Rollbraten, maana yake nyama ya kuviringwa. Bega la mnyama huondolewa mifupa, hupasuliwa kwa kisu chembamba hata likatandika kama jamvi, hupakwa haradali, chumvi na pilipili manga, hutandazwa juu yake vitunguu vilivyokaangwa, kotmiri, makombo ya mkate na pengine uyoga au plamu kavu, kisha huviringwa na kukazwa kwa uzi wa kitani, pindi baada ya pindi, kama mzigo wa jahazi ufungwavyo kabla ya safari, ili kilichomo ndani kisimwagike na kilicho nje kiive sawasawa. Ndipo huingizwa tanurini kwa saa mbili au zaidi, ikawa yamwagiwa kila mara mchuzi wake wenyewe au bia, hata ikatoka na ukoko wa hudhurungi, na kila kipande kikatwacho kikaonyesha pete ya nyama na pete ya vijazo, kama duara za gogo la mti.

Matonge nayo yana shughuli yake. Theluthi mbili ya viazi hukunwa vikiwa vibichi na kukamuliwa katika kitambaa mpaka visibaki na maji, na theluthi moja huchemshwa na kupondwa. Maji yaliyokamuliwa huachwa yatuame, na wanga ulioshuka chini ya bakuli hurudishwa katika unga, kwani ndio ushikao tonge lisipasuke sufuriani. Ni kazi ya kukuna na kukamua ambayo mwanamke wa Pwani, aliyezoea mbuzi na kifumbu, asingeiona ngeni hata kidogo. Tonge hufinyangwa kubwa kadiri ya ngumi, katikati yake hutiwa vipande vya mkate vilivyokaangwa kwa siagi, kisha huachwa liive katika maji ya moto yasiyotokota. Mchuzi wa nyama humwagwa juu, kabichi iliyochachushwa huwekwa kando, na watu hula kimya.

Mimi kwa dini yangu nyama hiyo siili, na wasomaji wangu wengi wa Pwani wako katika hali iyo hiyo, wala sikukusudia kumtamanisha mtu kile alichokatazwa. Lakini tarehe ya chakula ni ya watu wote, na mlo huu una tarehe ya ajabu, kwa kuwa Mjerumani akuambiaye leo kwamba hicho ndicho chakula cha mababu zake tangu zama za kale hukuambia jambo ambalo yeye mwenyewe analiamini kwa dhati, ilhali babu wa babu yake, lau angaliwekewa sahani ile mbele yake, angalimtambua nguruwe tu, na pengine hata nguruwe asingalimtambua.

Kwani nguruwe wa zamani alikuwa mnyama wa msitu. Kwa karne nyingi wakulima wa Ujerumani hawakumfuga katika banda wala hawakumlimia chakula, maana nafaka haikuwatosha wao wenyewe, seuze kumtupia mnyama asiyetoa maziwa wala kuvuta plau, bali walimchunga. Ilipofika majira ya kupukutika majani, wachungaji waliyapeleka makundi katika misitu ya mialoni ili yale kokwa zilizoanguka, na haki ya kufanya hivyo ilikuwa ni mali, yenye kutozwa ada na mwenye ardhi na kuandikwa katika madaftari yake. Hata ikawa msitu haupimwi kwa ekari wala kwa mbao zake, ila kwa idadi ya nguruwe unaoweza kuwanonesha. Mwaka ambao mialoni ilizaa sana ulikuwa mwaka wa shangwe, na mwaka isiyozaa watu walichinja wachache na kula mboga. Mnyama huyo alikuwa mrefu wa miguu, mwembamba wa mbavu, mwenye manyoya kama ya ngiri, na alichukua muda mrefu kupevuka. Alichinjwa mwanzo wa baridi kali, akatiwa chumvi, akaning'inizwa juu ya moshi, na kile kilichobaki kikachemshwa katika chungu kimoja pamoja na dengu au nafaka.

Neno hilo la kuchemsha lazima tulishike. Nyumba ya mkulima haikuwa na tanuri la kuokea nyama. Moto ulikuwa wazi katikati ya jiko, chungu kikaning'inia juu yake, moshi ukatoka ulikoweza. Na tanuri, palipokuwa nalo, lilikuwa ni la kijiji kizima na kazi yake ilikuwa mkate. Nyama ya kuokwa ikizungushwa katika kijiti ilikuwa ni ya kasri, ya monasteri na ya wenye maduka mjini. Kuijaza nyama vitu na kuiviringa ni ufundi mkongwe, na Waitalia mpaka hivi leo humtoa nguruwe mzima mifupa yote, wakamjaza majani na chumvi, wakamwoka na kumwita porchetta. Walakini ufundi huo, huko kaskazini ya milima ya Alps, ulikuwa ukisikika kwa mkulima kama visikikavyo visa vya masultani.

Sasa na tuitazame mbatata. Asili yake ni nyanda za juu za milima ya Andes, katika nchi za Peru na Bolivia za leo, ambako watu waliilima kwa maelfu ya miaka kabla Mhispania hajaiona, na walikwisha kujua hata kuigandisha kwa baridi ya usiku na kuikausha kwa jua la mchana ili ikae akiba. Wahispania waliivusha bahari katika karne ya kumi na sita; mwaka 1573 jina lake laonekana katika hesabu za manunuzi za hospitali moja ya mji wa Sevilla; mwaka 1588 mwanachuoni wa mimea, Carolus Clusius, aliyekuwa Vienna, alipelekewa mizizi miwili tu kama tunu; na mwaka 1596 Gaspard Bauhin wa Basel akaipa jina la kitaalamu, Solanum tuberosum, ambalo hata sasa ndilo jina lake. Kwa Waitalia, waliouona umefichama ardhini mithili ya uyoga wao wa thamani, mzizi huo uliitwa tartufolo, na Wajerumani wakalitafuna neno hilo mpaka likawa Kartoffel. Sisi tulichukua njia nyingine: neno letu mbatata limetokana na batata la Kireno, ambalo nalo lilitwaliwa kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi, waliokuwa wakilitumia kwa kiazi kitamu, si kwa hiki. Basi jina tulilo nalo ni la mzizi mwingine, na hakuna aliyewahi kudhurika kwa ajili hiyo.

Ulaya haikuipokea mbatata kwa moyo mweupe. Walisema haikutajwa katika Biblia. Walisema ni ya ukoo wa mimea yenye sumu, jambo ambalo ni kweli. Walisema yaleta ukoma, kwa kuwa ganda lake lina makovu. Kwa zaidi ya miaka mia ilikaa katika bustani za wafalme kwa ajili ya maua yake. Huko Pilgramsreuth, katika milima ya Franken, wanajivunia kwamba mkulima wao Hans Rogler aliipanda shambani tangu mwaka 1647, na wamemjengea ukumbusho. Lakini nchi nzima kwa jumla iliendelea kuitazama kama chakula cha mifugo, na tena cha mifugo isiyo na uchaguzi.

Hapa ndipo huingia mfalme wa Prusia, Friedrich wa Pili. Joachim Nettelbeck, baharia aliyekuwa mtoto katika mji wa Kolberg wakati wa njaa ya miaka ya 1740, ameeleza katika kumbukumbu alizoziandika uzeeni jinsi mfalme alivyowapelekea gari zima la viazi, na jinsi wenyeji, wasiojua vitu hivyo ni vya namna gani, walivyovinusa, wakaviramba, wakavitafuna vibichi na kuvitema, kisha wakawatupia mbwa, na mbwa nao wakanusa na kugeuka. Mfalme hakukata tamaa. Tarehe 24 Machi 1756 aliwaandikia maofisa wake amri kwamba wawafahamishe mabwana na raia faida ya mmea huo, wauhimize kila palipo na ardhi iliyo tupu, na wahakikishe kwa macho yao kwamba umepandwa. Husimuliwa pia kwamba aliweka askari wakilinda shamba la viazi mchana na kuwaambia walale usiku, ili raia wadhani ni mali azizi na kuiba mbegu. Lakini kisa icho hicho husimuliwa Ufaransa juu ya Parmentier, mwanakemia aliyejifunza kula viazi alipokuwa mfungwa wa Waprusia, na kisa chenye baba wawili mwenye busara hukisikiliza kwa furaha na hakitolei ushahidi.

Kwa rai yangu, amri ya mfalme ilifanya kazi ndogo kuliko vita na njaa. Jeshi lipitalo katika shamba la ngano hulichoma au hulivuna, na mkulima hubaki na majivu. Lakini mbatata imo ardhini, na askari mwenye haraka hana nafasi ya kuchimba. Mwenye shamba la viazi aliweza kukimbilia msituni, akarudi, akakuta chakula chake mahali alipokiacha. Hilo lilijulikana vema katika Vita vya Miaka Saba, vilivyoanza mwaka ule ule wa 1756. Kisha ikaja miaka ya 1770 hadi 1772, mvua isiyokoma ikaozesha nafaka karibu katika Ujerumani yote, watu wakafa kwa maelfu, na waliosalia hawakuuliza tena kama mbatata imetajwa katika Biblia. Miaka sita baadaye, majeshi ya Prusia na Austria yalipokabiliana huko Bohemia kwa ajili ya urithi wa Bavaria, yalipigana kidogo na kutafuta chakula sana, na askari wakavipa vita hivyo vya 1778 na 1779 jina ambalo halijatoka mpaka leo: Vita vya Viazi.

Hata hivyo kulikuwa na ukaidi, na ushahidi wake mzuri tunao katika mji wa München. Huko alikuwako Mmarekani mmoja, Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts, aliyeingia katika utumishi wa mtawala wa Bavaria, Karl Theodor, na baadaye kupewa cheo cha ukaunti kwa jina la Rumford. Siku ya kwanza ya mwaka 1790 aliwakusanya maskini waliokuwa wakiombaomba njiani, akawapeleka katika nyumba ya kazi, na akawa na haja ya kuwalisha kwa gharama ndogo kabisa. Supu yake ilikuwa ya shayiri, njegere, siki, chumvi na mkate mkavu. Na alipotaka kuongeza viazi ilimpasa kufanya hila, kwani maskini hao, pamoja na njaa yao, walikuwa wakivichukia. Ameandika mwenyewe kwamba vilipikwa katika chumba cha faragha na kuchemshwa hata vikapoteza umbo na ladha, na walaji hawakuambiwa mpaka walipokuwa wamekwisha kuizoea supu na kuisifu. Tangu hapo wakavidai wenyewe. Sijui kisa kingine katika tarehe ya mapishi ambacho mpishi amemdanganya mlaji kwa faida yake na kisha akakiri kwa maandishi.

Lakini deni la mlo wetu kwa Rumford ni kubwa kuliko supu. Mtu huyu, aliyekuwa mwanafizikia wa joto, aliuchukia moto wa wazi kama wengine wanavyochukia deni, kwa kuwa aliona sehemu kubwa ya kuni ikipasha joto bomba la moshi badala ya chungu. Akabuni majiko ya matofali yaliyozibwa, yenye matundu ya vyungu juu na mlango wa kupunguza hewa. Mafundi wa karne ya kumi na tisa walitwaa fikra hiyo na kuitengeneza kwa chuma, wakaongeza tanuri ubavuni, na reli zikaleta makaa ya mawe kwa bei nafuu. Hata ilipofika mwisho wa karne hiyo, mke wa fundi viatu alikuwa na tanuri jikoni mwake, jambo ambalo zamani lilikuwa la jumba la bwana. Hapo tu ndipo nyama ya kuviringwa ilipoweza kuwa ya Jumapili ya watu wote, na kuviringa kwenyewe kukawa na maana kwa mtu wa kipato kidogo: bega lenye umbo lisilo sawa, likitolewa mifupa na kufungwa, huiva kwa kipimo kimoja, hukatika vizuri, na kwa vijazo vya mkate hutosha watu wanane pale ambapo nyama tupu ingetosha watano.

Wakati huo nguruwe naye alikuwa amekwisha kubadilika. Misitu ilichukuliwa na watunza-miti waliotaka mbao zilizonyooka na wasiotaka pua za nguruwe zichimbe miche yao. Malisho ya pamoja yaligawanywa. Na mnyama aliyezoea kutembea akafungiwa bandani. Angelishwa nini? Jibu lilikuwa katika shimo la akiba nyuma ya nyumba: viazi vidogo, viazi vilivyokatwa na jembe, viazi vilivyoanza kuota, na maganda ya vile vilivyopikwa, vyote vikachemshwa katika pipa kubwa la mvuke na kusongwa kama ugali. Waingereza walikuwa wamekwisha kuwachanganya nguruwe wao na wale walioletwa kutoka China, wafupi wa miguu na wepesi wa kunona, na mbegu hiyo ikaenea hata Ujerumani. Mwaka 1873 dola mpya ya Ujerumani ilihesabu nguruwe wapatao milioni 7. Mwaka 1913 walikuwa zaidi ya milioni 25. Ukitaka kujua walitoka wapi, walitoka ardhini, katika mashamba ya viazi.

Ndiyo maana nasema kwamba viwili hivi vilikuwa wabia kabla ya kuwa kitoweo na wanga wake. Tonge na nyama juu ya sahani moja ni mbatata mbili: moja imepita katika mikono ya mpishi, na nyingine imepita katika mwili wa mnyama. Waairishi, ambao walizidi watu wote kwa kuitegemea mbatata, walimwita nguruwe bwana anayelipa kodi, maana walimlisha viazi mwaka mzima, wakamwuza, na fedha yake ikaenda moja kwa moja kwa mwenye ardhi. Na ugonjwa ulipoiozesha mbatata kuanzia mwaka 1845, nguruwe walitoweka bandani kabla watu hawajaanza kutoweka majumbani. Walikufa kiasi cha watu milioni moja, na wengine zaidi ya hao wakahama nchi.

Ujerumani ilipata mtihani wake baadaye, na kwa sehemu ulikuwa wa kujitakia. Vita vya 1914 vilipozuka, manowari za Uingereza zikafunga bahari, na shayiri ya kulishia mifugo iliyokuwa ikitoka Urusi ikakatika. Wataalamu wakapiga hesabu, wakaona kwamba nguruwe ala viazi ambavyo mtu angeweza kula, na kwamba kalori nyingi hupotea katika kugeuza kiazi kuwa nyama. Basi wakaishauri serikali kwamba nguruwe ni adui wa ndani, na mapema mwaka 1915 wakachinjwa kwa mamilioni katika muda wa miezi michache. Watu wakaiita shughuli hiyo Schweinemord, mauaji ya nguruwe. Kwa majuma machache nyama ilikuwa tele na nyingine ikaharibika kwa kusindikwa vibaya. Kisha ikaadimika, bei ikapaa, na mashamba yakakosa samadi. Na mwaka uliofuata, uliokuwa wa mvua nyingi, ule ugonjwa wa Ireland ukaingia katika viazi vya Ujerumani, mavuno yakashuka karibu nusu, na baridi ya 1916 hadi 1917 watu wa mijini wakala mzizi mnene wa jamii ya kabichi uliokuwa ukilishwa mifugo, wakiukaanga, wakiuchemsha, wakiutia hata katika mkate. Hesabu ya wataalamu ilikuwa sahihi kwenye karatasi. Walisahau kwamba mkulima hakuwa akimlisha nguruwe viazi vya mezani.

Sina mengi ya kusema juu ya miaka iliyofuata. Baada ya vita vya pili na mageuzi ya fedha ya mwaka 1948, Ujerumani ya Magharibi ilikula kwa pupa ya mtu aliyetoka jela, na nyama ya Jumapili ikahamia siku za kazi. Siku hizi mwuza nyama huiuza ile nyama ikiwa imekwisha kuviringwa na kuvikwa wavu wa mpira, na unga wa matonge hupatikana dukani tayari. Wazee wa Thüringen huusemea vibaya, na nadhani wana haki, kwa kuwa mtu asiyekamua viazi kwa mkono wake hajui ni lini vimekauka.

Kwetu Afrika ya Mashariki mbatata ilistawi katika nyanda za juu wakati wa walowezi na wamisionari. Na katika milima ya Usambara, Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, viazi vinalimwa mpaka leo na kushushwa bondeni kwa magunia. Pwani tumevipokea bila mwenziwe: vimo katika urojo, katika katlesi, katika mchuzi wa mbuzi, na kwa baadhi yetu hata katika pilau. Nguruwe naye ana wateja wake bara na hata Dar es Salaam, ambako amepewa jina la utani la kitimoto, na mara nyingi huletwa na ndizi za kukaanga au chipsi. Na hao waagizao sahani hiyo wameifikia ndoa ile ile kwa njia yao, bila amri ya mfalme yeyote.

Friedrich wa Pili alikufa mwaka 1786, akiwa ameusia azikwe katika bustani ya kasri lake la Sanssouci, huko Potsdam, kando ya mbwa wake. Wosia huo haukutimizwa mpaka tarehe 17 Agosti 1991. Kaburi ni bamba la jiwe lililolala majanini, limeandikwa jina lake tu, na mabamba ya mbwa yako hatua chache pembeni. Wageni wanaolizuru huweka juu yake viazi vibichi.